Anaongea Kiingereza kama mzaliwa, lakini alama za kusoma zimemkwamisha

Kutoka: Mama wa watatu, Louisville
Tarehe: 18 Mei 2024

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za Jumamosi.

Nina karatasi ya shule mezani tangu Alhamisi, nimeisoma mpaka nimeichoka. Binti yangu mkubwa yuko darasa la 10. Tulifika Kentucky mwaka 2019 tukitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Wakati huo alikuwa na miaka 11, anajua Kiswahili, Kifaransa cha shule, na Kibembe cha bibi yake. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji. Leo ndiye anayenisemea nikienda kliniki, na akiwa kwenye simu na wenzake huwezi kumtofautisha na aliyezaliwa hapahapa.

Sasa majibu yametoka ya ule mtihani wa kila mwaka wa watoto wanaojifunza Kiingereza, ACCESS. Kusikiliza 5.6, kuongea 4.4, kusoma 2.9, kuandika 3.1. Jumla 3.6. Kwa hiyo mwaka ujao anabaki ESL, yaani vipindi vya Kiingereza kwa watoto wa lugha nyingine, na kipindi alichotaka kusoma somo la afya, maana anataka uuguzi, wameshakiweka cha ESL. Amelia sana. Ameniambia, "Mama, miaka mitano hii, bado mimi mgeni?"

Mimi niliishia darasa la sita huko Fizi, Kongo, siwezi kumfundisha. Kanisani wameniambia tuache Kiswahili nyumbani. Jirani kaniambia nimkatalie asifanye tena huo mtihani. Nani kasema kweli? Na inakuwaje mtoto anayesikia namna hii ashindwe kusoma?

Mama wa watatu

---

Kutoka: Mwalimu wa ESL, Denver
Tarehe: 18 Mei 2024

Dada yangu, poleni wewe na binti. Nafundisha sekondari hapa Denver, na kabla ya kuja nilifundisha Kiingereza Morogoro. Colorado tunatumia mtihani huohuo, kwa hiyo karatasi kama yako nazijua vizuri, na nyingi zinafanana na ya binti yako.

Tuanze na hesabu, maana ndipo wazazi wengi wanapodhani wameonewa. Ukijumlisha zile namba nne ukagawanya kwa nne unapata 4.0, karatasi inasema 3.6. Hawajakosea. Kusoma kumebeba asilimia 35 ya jumla, kuandika 35, kusikiliza 15, kuongea 15. Wao hukokotoa kwa alama nyingine ndefu kuliko hizo unazoziona, lakini mizani ni hiyo. Ile 5.6 yake ya kusikiliza, pamoja na uzuri wake, uzito wake haufiki nusu ya uzito wa kusoma. Tazama pia mstari wa ufahamu, unaounganisha kusikiliza na kusoma tu: hapo kusoma ni 70, kusikiliza 30. Mtoto anayefika juu kwa masikio peke yake, mtihani huu haumwachii atoke. Nami naona ni haki, ingawa inauma, kwa sababu darasa la kemia halitampima kwa masikio.

Umeuliza inakuwaje. Kusikia Kiingereza kunapatikana bure: kwenye basi la shule, kantini, simu, televisheni. Na kumbuka binti yako aliingia 2019, miezi michache baadaye shule zikafungwa kwa korona. Mwaka ambao angeketishwa chini afundishwe kusoma Kiingereza taratibu, alikuwa sebuleni na skrini. Lugha aliipata, lakini aliipata kwa sikio.

Kitabu cha sekondari kina lugha yake. Hata kwetu ni hivyo. Mtaani tunasema, "mvua haikunyesha, mahindi yakafa." Kwenye taarifa ya wizara inaandikwa, "upungufu wa mavuno ulibainika kutokana na uhaba wa mvua." Maana ni moja, ila mtendaji amefichwa na vitendo vimegeuzwa kuwa majina. Kiingereza cha baiolojia na historia kimejaa sentensi za aina hiyo, tena ndefu. Kwenye sehemu ya kusikiliza, mtoto anasikia mtu akieleza huku kuna picha mbele yake. Sauti ya msemaji inapanda na kushuka, inamwonyesha neno zito liko wapi. Kwenye kusoma hakuna sauti ya kumshika mkono. Mada zinagusa lugha ya kila siku ya shule, fasihi, hesabu, sayansi na masomo ya jamii, na ni mtihani mmoja kuanzia darasa la 9 mpaka la 12. Kompyuta nayo inampa maswali mepesi au magumu kadiri anavyojibu. Akianza vibaya kwenye kusoma, anapelekwa kwenye mepesi, na kutoka huko kupanda juu ni kazi.

Kuhusu jirani yako. Sheria inamruhusu mzazi kukataa msaada wa ESL, lakini mtihani haukataliki. Mtoto atapimwa kila mwaka mpaka afikishe kiwango cha jimbo. Ukikataa, utakuwa umepoteza msaada na mtihani umebaki palepale. Usifanye hivyo.

Badala yake omba kikao na mshauri wa shule na mwalimu wa ESL kabla hawajafunga kwa likizo. Omba mkalimani. Ni haki yako bila malipo, shina lake ni sheria ya haki za kiraia ya 1964, na binti yako asikalie kiti cha mkalimani siku hiyo, nakuomba sana. Uliza mambo haya: mwaka jana kusoma alipata ngapi? Kama alikuwa 2.1 na sasa 2.9, amepanda na wamwambie hivyo kwa mdomo, asikie. Kisha uliza kama ESL yake inaweza kufanyika ndani ya darasa la Kiingereza la kawaida, walimu wawili wakifundisha pamoja, ili kile kipindi kibaki cha somo la afya. Shule nyingi hufanya hivyo. Kuwa ESL hakumfungii mtoto mlango wa masomo mengine, na mshauri anayesema "ratiba hairuhusu" aombwe aitoe hiyo ratiba mezani.

Na la kanisani. Hapana. Hapana kabisa, dada. Wewe ukiacha Kiswahili, utaongea naye nini? Nimeona nyumba ambazo mama aliacha lugha yake ili kumsaidia mtoto, na kilichobaki ni "kula", "lala", "fanya homework". Mtoto aliyezoea kusimuliwa, kubishana na kueleza sababu kwa Kiswahili anaingia kwenye kitabu cha Kiingereza akiwa na kichwa kilichokwisha kuizoea kazi hiyo. Fanya hivi: kila jioni akusomee aya moja ya kitabu cha shule, kwa Kiingereza, kisha akueleze kwa Kiswahili nani kafanya nini na kwa nini. Darasa lako la sita linatosha. Akishindwa kukueleza wewe, ujue hakuelewa, hata kama amesoma kwa sauti nzuri.

Mwalimu, Denver

---

Kutoka: Baba wa Des Moines
Tarehe: 19 Mei 2024

Asalaam aleikum jamaa wote.

Mwalimu, shukran. Mimi kwangu mambo yamekuja kinyume. Mvulana wangu alitoka Mombasa 2022, yuko Form Two. Kusoma hana wasiwasi, amelelewa na vitabu vya Kiingereza tangu darasa la nne. Hapa Iowa mtihani wetu ni ELPA21: kila stadi inapimwa 1 hadi 5, na ili utoke lazima upate 4 au 5 kwenye zote nne. Mwaka wake wa kwanza kusoma alipata 5, kusikiliza 3. Akabaki. Huku kwetu, tofauti na kwenu, kizuri kimoja hakibebi kibaya.

Shuleni mtu mmoja alipendekeza apimwe masikio. Tulimpeleka, ni mazima. Tatizo lilikuwa Kiingereza alichokizoea, kile cha walimu wetu, kinachotamka kila silabi waziwazi kama Kiswahili. Mmarekani humeza vineno vidogo vyote, anakaza kimoja tu katikati. "Water" anaisema t imekuwa kama r yetu. "Can" na "can't" ukiwa mgeni ni neno moja, na swali zima linaning'inia hapo! Halafu irabu. Sisi tuna tano, wao wana zaidi ya kumi, kwa hiyo meli na kondoo kwa Kiingereza ("ship" na "sheep") vinasikika sawa.

Kilichomsaidia ni imla, ileile ya shule ya msingi. Kila usiku dakika kumi. Nilichukua kipande cha taarifa ya habari ya redio chenye maandishi yake kwenye intaneti. Anasikiliza mara moja tu, anaandika alichokipata. Mara ya pili anajaza mapengo. Mara ya tatu anafuatisha na maandishi, anapigia mstari kila alichokikosa. Wiki za kwanza daftari lilikuwa limejaa mistari, na karibu yote ilikuwa chini ya maneno mafupi, si yale magumu. Hilo lilinifungua macho. Tulikuwa tumehangaika kumtafutia msamiati mgumu bure. Mwaka huu kusikiliza amepata 4, ametoka.

Baba wa Des Moines

---

Kutoka: Dada wa Portland, Maine
Tarehe: 19 Mei 2024

Naongezea dogo kwa wageni wanaofika sasa. Ile fomu ya kwanza ya kuandikisha mtoto, inayouliza nyumbani mnaongea lugha gani, ndiyo inayoanzisha yote haya. Nimesikia watu wakishauriana waandike Kiingereza ili mtoto asiingizwe ESL. Tafadhali msidanganye. Kijana anayefika na miaka 15 akaachwa bila msaada kwenye darasa la historia ya Marekani, kufeli kwake kutamgharimu krediti za kuhitimu, na hizo ndizo ghali kuzirudisha. Andika ukweli, atapimwa, na barua ya majibu inatakiwa ikufikie ndani ya siku 30 tangu mwaka wa shule uanze.

Na mama wa Louisville, mwulize pia mshauri kuhusu muhuri wa lugha mbili kwenye cheti cha kuhitimu. California walianza 2011 na majimbo mengi yamefuata. Mtoto anapimwa lugha yake kama Kiingereza kilivyopimwa, na Kiswahili kina mitihani inayokubalika. Anayetaka uuguzi katika mji wenye Wakongo wengi kama wenu, huo muhuri ni kitu cha kumwonyesha mwajiri.

Dada wa Portland

---

Kutoka: Mwalimu wa ESL, Denver
Tarehe: 20 Mei 2024

Baba wa Des Moines, imla yako nimeiiba, naipeleka darasani.

Nimesahau jambo la siku ya mtihani. Sauti ya maswali ya kusikiliza kwenye ACCESS hupigwa mara moja, hairudiwi isipokuwa kwa mwanafunzi aliyepangiwa hivyo mapema. Kwa hiyo kama hedifoni inakwaruza au upande mmoja umekufa, mtoto anyooshe mkono palepale kwenye swali la mfano. Watoto wetu wamefundishwa adabu ya kutomsumbua mkubwa, wanakaa kimya mpaka mwisho. Waambieni kabisa nyumbani kwamba siku hiyo kunyoosha mkono ndiyo adabu.

Na tatizo la darasa la 10 na kuendelea ni uchovu. Mtoto aliyeufanya mara nne au tano hausomi tena, anabofya tu ili amalize arudi kwa wenzake. Nimesimama nyuma yao nimeona kifungu kirefu kikijibiwa kwa sekunde kumi. Mama, muulize binti taratibu, bila hasira, kama na yeye alibofya. Ukweli wake utakusaidia kuliko karatasi.

---

Kutoka: Mama wa watatu, Louisville
Tarehe: 25 Mei 2024

Aksanti sana wote, Mungu awabariki. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya zamu za usiku.

Nilimuuliza. Alinyamaza muda, kisha akasema ndiyo, vifungu viwili vya mwisho alibofya kwa sababu wenzake walikuwa wamekwenda kula. Sikumgombeza.

Jumatano tulianza ile ya aya moja. Tulichukua kitabu chake cha sayansi, ukurasa wa figo, kwa kuwa anataka uuguzi. Alisoma vizuri, sauti kama ya televisheni. Nikamwambia, haya, niambie figo linafanya nini. Akafungua mdomo, akafunga. Akarudi kwenye kitabu. Tulikwenda sentensi kwa sentensi mpaka saa nne usiku, na mahali pamoja mimi ndiye niliyemwambia jibu, kwa sababu marehemu mama yangu aliugua figo na wauguzi wa Uvira walitueleza kwa Kiswahili. Alinitazama kama hajawahi kuniona. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeleta kitabu.

Shuleni nimeandikiwa kikao Jumanne saa tatu asubuhi, na mkalimani wamesema yupo. Swali la kipindi cha afya nimelishika kichwani kama mlivyonifundisha.

Nauliza wa Louisville na Lexington: kuna mwenye vitabu vya Sayansi vya shule ya msingi vya Tanzania, darasa la sita au la saba, vya Kiswahili? Nataka nisome ukurasa wangu kabla yeye hajanisomea wake. Hata vikiwa vimechanika nitavichukua, na gharama ya posta nitalipa mimi.