TUPEANE UZOEFU: Namba gani ilikumalizia salio kabla hujajua bei yake?

BintiBusia

Habari zenu ndugu zangu. Naomba tupeane uzoefu kuhusu hizi namba ambazo ukipiga mara moja tu salio lote linakwenda, maana yaliyompata mama yangu wiki mbili zilizopita bado yananiuma.

Mdogo wangu wa kike yuko Saudi, anafanya kazi za ndani, huu ni mwaka wake wa pili, na bosi wake anamruhusu kushika simu Ijumaa peke yake. Kwa hiyo mama analala na katochi yake, kale kasimu kadogo ka batani, chini ya mto, akienda shamba anaifunga kwenye pindo la leso. Usiku wa Jumanne kama saa nne hivi simu ikalia mara moja ikakata. Akaangalia, namba ya nje, inaanza na 96. Mama akajua ni mtoto, tena siyo Ijumaa, basi kuna shida, labda anaumwa, labda ameazima simu ya mtu. Akapiga. Ikaita, ikaita, ikaita, yeye amengoja tu, anasema nisikate labda yuko mbali na simu. Mwisho ikakatika yenyewe. Akapiga tena ikagoma, salio limeisha. Nilikuwa nimemwekea shilingi elfu ishirini za Uganda iwe ya mwezi mzima. Akamwamsha kijana wa jirani amsaidie kukopa salio, akapewa elfu tatu, nayo ikaenda hivyo hivyo. Hakulala. Asubuhi nimefika namkuta amekaa nje anaomba Mungu.

Nikaisoma ile namba vizuri. Saudi ni +966. Ile ilikuwa +960, Maldives, visiwa vya huko Bahari ya Hindi, hatuna ndugu wala jirani huko. Na kijana mmoja wa kasitoma kea akanieleza kitu kilichonichoma zaidi, kwamba ule mlio wa kuita ambao mama alikuwa anausikiliza ulikuwa umerekodiwa. Simu ilishapokelewa zamani, pesa inakatwa, na yeye anangoja mtoto wake apokee.

Sasa swali langu kubwa. Ukimaliza kupiga simu si unaletewa meseji kwenye skrini, umetumia shilingi kadhaa, salio lako ni kadhaa? Ina maana ile mashine inaijua bei. Kama inaweza kuniambia baada ya kunikata, inashindwa nini kuniambia kabla? Sauti moja tu, mama, hii namba ni shilingi kadhaa kwa dakika, ukitaka endelea. Mama angekata.

Nyinyi wenzangu yamewapata yapi?

BodaNtinda

Pole sana dada, mpe mama pole kutoka steji yetu. Mimi yangu haikuwa ya nje, ilikuwa hapa hapa. Nilikuwa nampigia mteja wangu mmoja, kwenye simu yake unasikia wimbo badala ya mlio, halafu kuna sauti inasema kitu kuhusu nyota, mimi kofia iko kichwani sikusikia vizuri nikabonyeza nyota nikidhani ndiyo namna ya kuendelea. Kumbe nimeununua ule wimbo. Ukawa unakatwa kila wiki na mimi sijui, naweka salio la elfu moja asubuhi, mchana nataka kumpigia abiria naambiwa halitoshi. Nilifikiri ni simu mbovu hadi nikaibadilisha. Miezi mitatu! Halafu kuna hizi namba fupi za meseji, unatumiwa neno la Mungu asubuhi, unafurahi unasema labda ni kanisa, kumbe kila neno ni mia mbili. Kujitoa ilibidi mtoto wa shule anisomee Kiingereza chake mara tatu.

TrelaMalaba

Poleni. Sisi madereva tumeliwa sana barabarani. Wengi wanajua tangu 2015 Uganda iliingia kwenye ule mpango na Kenya na Rwanda, ukivuka na laini yako kupokea simu ni bure na kupiga bei ikashuka, tukapumua. Lakini wakati ule Tanzania haikuwa ndani na mimi sikuambiwa. 2016 nimevuka Mutukula naelekea Bukoba, tajiri akanipigia, akanifokea robo saa nzima kuhusu dizeli, mimi namsikiliza tu kwa heshima, naam mzee, ndiyo mzee. Kukata, salio langu sifuri. Mimi ndiye niliyefokewa na mimi ndiye niliyelipa. Siku hiyo ndiyo nikajua ukiwa nchi ya watu hata kupokea kunaweza kukatwa.

Na wenzangu wa mpakani, kama uko Busia au Malaba, simu inaweza kushika mtandao wa upande wa pili na wewe umekaa sebuleni kwako. Ingia seting uchague mtandao wako kwa mkono, usiiachie simu ijichagulie.

MzeeWaArua

Watoto wangu, mimi nitaeleza ya Thuraya, kampuni ya simu za satelaiti. Mdogo wangu alikuwa Sudan Kusini na watu wanaotegua mabomu ya ardhini, porini kabisa, mtandao hakuna, wamepewa simu za satelaiti. Akatutumia namba, inaanza +88216. Sisi tukaona ni namba ndefu tu ya nchi fulani. Mama yetu alipofariki ilibidi nimpe habari. Nikaweka elfu kumi nikaona inatosha. Nikamsalimu, akauliza nyumbani hajambo, nikaanza kumwandaa pole pole kama desturi inavyotaka, maana huwezi kumtupia mtu kifo kama jiwe. Ikakatika kabla sijafika kwenye neno lenyewe. Haikufika dakika mbili. Akabaki kule porini anajua kuna kitu kibaya lakini hajui nani. Nilizunguka Arua usiku natafuta duka lililo wazi ninunue kadi.

Pale hapakuwa na mwizi. Ni namba halali, ni ghali kwa sababu ni ya setilaiti. Lakini ningeambiwa bei mwanzoni ningeanza na neno lenyewe, au ningemwandikia meseji apige yeye, baadaye tuligundua yeye kutupigia ilikuwa nafuu kuliko sisi kumpigia.

BintiBusia

Mzee shikamoo, na pole kwa mama. Hii ya kwako nimeisoma mara mbili.

NesiLondon

Jamani nawasalimu kutoka huku Uingereza. Msifikiri huku hatuliwi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa natafuta namba ya ofisi moja, nikapiga zile za 118 za kuulizia namba. Dada mpole sana akanipa, halafu akaniuliza nikuunganishe moja kwa moja? Nikasema asante sana. Nikaunganishwa, nikawekewa muziki wa kungoja dakika ishirini, na bei ilibaki ile ile ya 118 muda wote. Bili ilipokuja nilikaa chini kwenye ngazi. Hao Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano wa huku, ndio kama UCC yetu ya Uganda, Aprili 2019 waliweka kikomo, 118 isizidi pauni 3.65 kwa kila sekunde 90, na bado hiyo ni pesa nyingi ukizidisha kwa muziki wa dakika ishirini.

Mtego mwingine ni 070. Kwa Mganda 070 ni simu ya mkononi kama kawaida, tena unaiona unajisikia nyumbani. Huku simu za mkononi zinaanza 07 lakini 070 ni kundi la peke yake na ilikuwa ghali mno kwa miaka mingi. Na zinazoanza na 09 zinaweza kufika pauni 3.60 kwa dakika, hapo kampuni yako ya simu haijaongeza ya kwake.

Lakini kuna kitu kimoja nawasifu. Tangu 2015 anayetangaza namba za namna hiyo lazima aandike bei yake pale pale, na tangu 2014 duka uliponunua kitu haliruhusiwi kukupa namba ya gharama upige kulalamika. Rafiki yangu yuko Ujerumani, kule namba za 0900 ukipiga sauti inakutajia bei kwanza, ndipo hesabu inaanza. Hicho hicho BintiBusia anachokililia. Kumbe kinawezekana.

Ssalongo_K

Mimi nitasema ukweli, watu waache kupiga namba wasizozijua. Ukiona namba ya nje huijui, achana nayo. Simu ni ya kwako na salio ni lako.

BintiBusia

Ssalongo nakuheshimu lakini hapana. Unamwambia nani aachane nayo? Mama ambaye mtoto wake yuko Riyadh kwenye nyumba ya watu, hana laini yake, kila akipiga anapiga na namba tofauti? Kwake kila namba ya nje ni mtoto. Wale wezi wanajua hivyo, ndiyo maana wanapiga usiku.

NilikuwaKolSenta

Nimefanya kazi ya kupokea simu za wateja miaka minne, sitataja kampuni. Naomba nieleze inavyokwenda kwa sababu wengi wanafikiri mwizi anaingia kwenye simu anachukua salio. Hapana. Ukipiga simu ya nje, kampuni yako inalipa kampuni ya kule kwa kila dakika ili simu ifike. Kule kuna namba ambazo malipo hayo ni makubwa, na mwenye namba anagawiwa sehemu. Kwa hiyo mwizi anakodi namba kama hizo, mashine yake inapiga maelfu ya simu, inalia mara moja inakata, haimgharimu kitu kwa sababu hakuna aliyepokea. Anangoja wewe upige. Kila dakika unayokaa hewani ni yake. Ndiyo maana anakuwekea mlio wa kuita, au muziki, au mwanamke analia, chochote cha kukuzuia usikate. Wajapani waliipa jina wangiri, maana yake mlio mmoja na kukata.

Na huku kwetu imeshika kwa sababu sisi ni watu wa bipu! Tumekua na bipu. Mtu akikubipu maana yake nipigie, sina salio, na ni adabu kumpigia. Mimi mwenyewe nilikuwa chuo namwita baba kwa bipu mbili. Mwizi amechukua adabu yetu akaifanya mtego, hilo ndilo linaniudhi kuliko pesa.

Angalieni tarakimu tatu za mwanzo. Sisi ni 256, Malawi ni 265, mtu wa haraka haoni tofauti. Komoro ni 269. Wezi hawachagui nchi kwa sababu watu wa huko ni wabaya, wanachagua bei. Na kitu cha muhimu mwambieni wazee: ukiwa nyumbani Uganda, kupokea simu ya nje hakukukati hata shilingi. Ikilia ikaendelea kulia, pokea. Ikilia mara moja ikakata, usipige, mwenye shida atarudia.

Wateja walikuwa wananipigia wanalia na mimi nilikuwa na jibu moja limeandikwa kwenye kompyuta, kwamba simu ilipigwa kutoka kwenye laini yako kwa hiyo malipo ni halali. Nililisema mara nyingi sana. Bado nawakumbuka wengine kwa sauti.

AfandeMstaafu_Gulu

Asante kwa maelezo. Naongeza moja tu. Hiyo sauti ya bei ikija, isije kwa Kiingereza peke yake. Kiswahili kiko kwenye katiba tangu 2005 kama lugha ya pili rasmi, jeshini tumezungumza maisha yetu yote, basi iseme Kiswahili, iseme Luganda, Acholi, Ateso, Lugbara. Mke wangu ile meseji ya salio inayokuja baada ya simu anaifuta bila kusoma kwa sababu hawezi kuisoma.

KaseseMpondwe

Kweli afande. Na redio nazo! Unaambiwa tuma jibu kwenye namba fupi ushinde mbuzi wa sikukuu, bei inasomwa mbio kama mtu anayekimbizwa. Nilituma meseji kumi na moja, nimekuja kujua ni mia tano kila moja.

BintiBusia

Asanteni nyote, kweli nimejifunza. Niwape habari ya mwisho ya mama. Kasitoma kea walikubali kufunga simu zote za kutoka kwenda nje kwenye laini yake, ni bure, na zinazoingia bado zinaingia kama kawaida, kwa hiyo wenye wazazi wa namna hii ulizeni hiyo huduma. Mwanzoni mama alikataa, akasema mnanifungia mtoto. Ilibidi nikae naye nimweleze kama alivyoandika NilikuwaKolSenta, kwamba kupokea ni bure na mwenye shida atarudia. Nikamwandikia 966 kwa kalamu ya marka kwenye ukuta juu ya kitanda, kubwa.

Ijumaa mtoto akapiga. Namba mpya tena, ya rafiki yake. Mama akaishika ile katochi akaisogeza karibu na taa, akasoma tarakimu moja moja kwa sauti, tisa, sita, sita, inalia tu, mimi nashindwa kupumua nasema mama pokea itakatika, yeye akamaliza kusoma kwanza ndipo akapokea.