"Hela" ni Kijerumani kweli? Mbona Mjerumani kanikatalia?

MwanaKaole:
Wakuu habari za mchana. Mi natembeza wageni hapa Bagamoyo, na tukifika pale Boma huwa nawachombeza Wajerumani kwamba hata hela tunayosema ni neno lao, heller, sarafu yao ya zamani. Sasa juzi bwana mmoja wa Hamburg akanikatalia katakata, eti heller kwao ni kitu chenye mwanga zaidi, kama taa hii na ile, haihusiani na pesa. Siku chache mbele akaja mama wa Vienna nikamwambia hayohayo, akacheka, anasema bibi yake alikuwa na sarafu hizo kopo zima. Nimshike nani?

ChumbageniBoy:
Wote wako sawa bro, ni maneno mawili tofauti yamegongana sauti tu. Hell kwa Kijerumani ni -enye mwanga, ukizidisha inakuwa heller, ndo hiyo ya mzee wa Hamburg. Ya pesa imetoka kwenye jina la mji, Hall, kusini mwa Ujerumani, siku hizi unaitwa Schwäbisch Hall, walikuwa wanafua visarafu vya fedha kama miaka 800 nyuma huko, watu wakaviita Haller yaani vya Hall, midomo ikavuta ikawa Heller, Wacheki nao wakaigeuza haléř. Fedha ikazidi kupunguzwa mpaka ikabaki shaba tupu, ndo maana hadi leo Mjerumani akiishiwa anasema hana hata Heller nyekundu. Austria waliirudisha 1892, krone 1 ni heller 100, kwa hiyo kopo la bibi wa Vienna mi naliamini kabisa. Ujerumani yenyewe ilishahamia mark na pfennig zamani.

Huku kwetu ilianza 1904, rupia 1 heller 100. Kabla ya hapo rupia ilikuwa pesa 64, hebu fikiria kurudisha chenji sokoni kwa hesabu hiyo 😂

BintiPangani:
Babu yetu Mungu amrehemu alituachia moja, ya shaba, imekwishalika pembeni. Upande mmoja taji na mwaka 1910 na maandishi Deutsch Ostafrika, upande wa pili 1 Heller ndani ya majani, na chini kuna herufi J kadogo mpaka uinamishe kwenye jua ndo uione.

ChumbageniBoy:
Dada hiyo J ni alama ya kiwanda cha sarafu cha Hamburg!! Kwao hukohuko huyo mzee anayekataa 🤣🤣

MtuWaNgambo:
Huku Unguja hela hatusemi, ni pesa tu, Mjerumani hakututawala sisi. Ukimsikia mtu Darajani anataja hela jua kavuka bahari. Mombasa nao vilevile. Nyie wa Mrima ndo mmemrithi, na neno lenu zuri ni letu, pesa ya Wahindi.

ChumbageniBoy:
Taratibu sheikh, hata pesa Wajerumani walifua, ile kampuni yao ya Afrika Mashariki ilitoa sarafu za pesa 1890, tena nyuma zina maandishi ya Kiarabu. Ila neno ni la Wahindi kweli, hapo sibishani.

MwanaKaole:
Shukrani sana wakuu. BintiPangani tuwekee picha ya hiyo J basi, Jumamosi nina kundi lingine la Wajerumani.

BintiPangani:
Iko kwa mjomba Muheza, nikienda nitapiga. Ila usiniombe kuiuza, mapema nakwambia.