Binti ana tundu kwenye moyo, bima hatuna: niuze kiwanja, nikope au nichangishe?

Fundi_Msalato
Wakuu, salaam. Binti yangu ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Akikimbia kidogo tu anachuchumaa na kuhema. Pale hospitali ya Benjamin Mkapa, huku Dodoma, wamempima moyo kwa eko (kipimo cha picha ya moyo) wakakuta tundu, na lilivyokaa haliwezi kuzibwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja. Ni kupasua kifua. Rufaa ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar. Makadirio niliyopewa ni kama milioni saba, hapo bado nauli na kula. Daktari anasema si dharura ya leo, ila mwaka usiishe.

Mimi ni fundi ujenzi, kazi zangu mnazijua: leo ipo, kesho hamna. Kiwanja ninacho huku Msalato, kuna mtu anatoa milioni nne taslimu. Kuna wale wa mikopo ya haraka mjini. Kuna kuchangisha ndugu na kanisani. Shemeji naye anasisitiza nikate bima kwanza ndipo niende. Nianze na ipi? Naomba waliopitia waseme.

Mama_Chamwino
Pole sana kaka. Mimi nitasemea michango, tulichangisha kwa ajili ya mtoto wa dada. Ahadi kwenye grupu la WhatsApp zilifika milioni tatu. Iliyoingia haikufika milioni moja. Harusi watu wanachukua kadi ya laki huku wanacheka, mtoto akiumwa utaambiwa "mwisho wa mwezi, dada." Kilichosaidia ni kuomba hospitali namba ya malipo ya serikali, ile inayoanza na 99, ifunguliwe kwa malipo ya kidogokidogo, tukaibandika kwenye grupu. Mtu analipa moja kwa moja kwenye bili ya mtoto. Yale maneno ya "hela mnakula" yakaisha, na hata waliokuwa wamenuna wakatuma. Michango usiiache, ila usiifanye ndiyo nguzo.

Nesi_Mstaafu
Baba, mbona hujataja ofisi ya ustawi wa jamii? Watu wengi wanauza shamba kwanza, ustawi wanaenda wakiwa wameshafilisika. Sera yetu ya afya inatambua msamaha kwa asiye na uwezo, na kila hospitali kubwa ya serikali ina ofisi hiyo. Binti yako ameshapita ule umri wa chini ya miaka mitano, kwa hiyo hapati msamaha kwa umri. Anaombewa kwa kigezo cha kipato.

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, upate barua, mtendaji agonge muhuri, kisha ustawi wa jamii wa halmashauri, halafu hospitali. Beba barua ya rufaa, karatasi ya makadirio, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho chako cha NIDA. Kama kaya iko TASAF, ule mpango wa kaya maskini, sema mapema. Wanaweza kusamehe yote, sehemu, au wakakupa kulipa kwa awamu. Wakisamehe nusu tu, milioni saba imekuwa tatu na nusu. Hapo ndipo ujue kama kiwanja kinahitajika kweli.

Kibaigwa_Sokoni
Bibi, kwenye karatasi ni nzuri hiyo. Mimi nilizungushwa na hospitali moja, siitaji. Leo mhusika yuko semina, kesho muhuri haupo, keshokutwa barua imeandikwa vibaya. Ukiwa na mgonjwa mkononi unaona bora ulipe yaishe. Fundi, uza kiwanja. Viwanja vitakuwepo, mtoto ni mmoja.

Nesi_Mstaafu
Kuzungushwa kupo, sibishi. Lakini daktari amempa muda, na muda huo ndio wa kuzungushwa. Ingekuwa dharura ningekuunga mkono. Halafu milioni nne haifiki saba. Akiuza leo atabaki bila kiwanja na bado anadaiwa tatu.

Mhazini_Kikoba
Bei ya milioni nne ni ya mtu aliyesikia una shida. Msalato na ule uwanja mpya wa ndege? Usimwambie mnunuzi mtoto anaumwa, mwambie unataka kununua pikipiki.

Kuhusu mikopo, hao wa mjini ndio kausha damu wenyewe, wa riba za kuumiza. Chukua milioni mbili kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi: kila mwezi laki nne ni riba tupu, deni lenyewe hujaligusa. Miezi mitano umelipa milioni mbili na bado unadaiwa milioni mbili. Fundi akikosa saiti mwezi mmoja, wanabeba mpaka magodoro. Mama watoto yuko kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa? Vikundi vingi vinakopesha mara tatu ya hisa zako, na kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Riba nayo inarudi kwenu wenyewe mwisho wa mzunguko.

Kijana_Area_D
Bima kidogo. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, lakini mwisho wake ulikuwa hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani pale General. Upasuaji wa moyo haukuwemo. Uliza kama bado ipo, uichukue kwa ajili ya malaria na vikohozi vya wadogo zake. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, nenda ofisini kwao uulize kifurushi cha mtoto, na swali la msingi ni hili: upasuaji mkubwa unaanza kulipiwa baada ya muda gani tangu kujiunga? Jibu hilo ndilo litakuambia kama shemeji yuko sahihi.

Mama_wa_Mpwapwa
Wangu alifanyiwa hapo hapo JKCI, hiyo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, sasa anacheza rede na wenzake. Jambo ambalo hamjaligusa ni kambi. Taasisi inapokea timu za madaktari wa nje wanaokuja kupasua watoto pamoja na wetu, Save a Child's Heart ya Israel wakiwemo, na kambi zinaweza kupunguza sana gharama. Ukifika kliniki, mwambie daktari na ustawi wote wawili kwamba unaomba jina liingie kwenye orodha ya kambi. Acha namba mbili za simu. Ukipigiwa simu imezima, anachukuliwa mwingine.

Na msaidie mtoto awe tayari. Mpeleke akaangaliwe meno huku huku Dodoma, jino bovu linaahirisha upasuaji kwa sababu wadudu wake wanaweza kwenda kukaa kwenye moyo. Tafuta ndugu wa kuchangia damu. Akiwa na mafua mazito wanakurudisha pia, na hapo nauli umeshakula. Treni ya SGR inakufikisha Dar siku hiyo hiyo, ila tafuta ndugu wa kufikia. Gesti za mjini zitakumaliza kabla ya bili.

Fundi_Msalato
Nawashukuru sana. Mnunuzi nimemwambia nafikiria. Jumatatu naanza kwa mwenyekiti, mke wangu anaongea na kikoba, na meno tunaangalia wiki hii hii. Kanisani nitasubiri nijue ustawi wamesamehe kiasi gani, ili nitaje pengo lililobaki. Bibi, hiyo barua ya mtendaji inalipiwa?

Nesi_Mstaafu
Ukidaiwa hela, omba risiti uone watakavyojibu. Cheti cha kuzaliwa kipo? Kama hakipo anza RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, hiyo hiyo Jumatatu, wengi ninaowaona wanakwama hapo.

Fundi_Msalato
Ninalo tangazo la kizazi tu. Basi naanza RITA.