Bia yangu ya hopsi chungu, harufu hamna

Wakuu, niko Makorora, Tanga. Nimepika lita 20 za IPA, ile bia ya hopsi nyingi. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, nimetumia aina ya Cascade gramu 100, zote nimetia mwanzo, zikachemka saa nzima. Imetoka chungu kama mwarobaini, harufu hamna! Imechachukia chumbani, nyuzi 30.

— Kaka, harufu imekwenda na mvuke. Mwanzo tia gramu 20 tu. Zilizobaki, nusu ukizima moto, nusu ndoani inamochachukia, siku tatu kabla ya kujaza chupa.

— Na hizo nyuzi 30 ni joto mno, zinaleta ladha kali ya pombe. Mie ndoo naikalisha kwenye beseni la maji, naivisha fulana mbichi, chupa za barafu asubuhi na jioni. Inashuka hadi 21. Mke wangu anasema naogesha mtoto.

— Na usifunuefunue, hewa inaua harufu.

— Ahsanteni. Beseni ninalo, fulana ya Coastal Union ipo.