Chuo kinakomaza akili, au ni umri tu?

Mzee wa Mwanga: Kijana wangu ana miaka 23, kamaliza chuo juzi. Nimemuuliza, shamba la michikichi la Simbo, hapa Kigoma, tuuze au tusiuze? "Inategemea, baba." Anapanda treni kwenda chuo alikuwa na jibu la kila kitu. Wadau, ada yangu imemkomaza au imemharibu?

Mwalimu Mstaafu: Hujapigwa, mzee. Kuna Mmarekani, William Perry, alihoji wanafunzi wa Harvard miaka ya 1950 na 60. Wapo walioanza wakidhani kila swali lina jibu moja na mwalimu analo. Baadaye wakaona kila mtu ana lake. Mwisho mtu anachagua pa kusimama, akijua wenzake wamesimama kwingine. Wako yuko katikati. Na ubongo nao, ile sehemu ya mbele inayopima matokeo, hukomaa hadi miaka 25 hivi.

Kibirizi Usiku: Perry kahoji wa chuo peke yao, sisi wengine atatujuaje? Nimeishia la saba. Niulize leo tunaingia ziwani au la, nitakwambia inategemea: mwezi, upepo, mafuta. Ila mimi najua inategemea nini! Siyo kama wale wenzetu wa Mwanza wanaoanika dagaa mchangani.

Mwanachuo Likizo: Tukirudi na majibu, mnasema tuna kiburi. Tukisema inategemea, tumeharibika. Semeni mnataka nini.

Mama Kirumba: Wewe wa Kibirizi, hapo kwenye dagaa umenigusa. Dagaa wa Mwanza kasomesha watoto wangu wanne. Wa kwenu anapimwa kwa mizani ya sonara, maskini atamla lini?

Binti Ujiji: Sonara kwa sababu ni dhahabu. Wa kwenu unamwosha maji saba na bado meno yanalia.

Mama Kirumba: Meno yako yana shida zake, mdogo wangu.

Mwalimu Mstaafu: Jamani, tulikuwa kwa Perry.

Kibirizi Usiku: Mwalimu usikimbie. Kwako analiwa dagaa yupi?

Mwalimu Mstaafu: Mimi wa Kasulu, Kigoma; mke wangu wa Sengerema, Mwanza. Inategemea nani yuko jikoni.

Binti Ujiji: Huyu naye yuko katikati! Na kastaafu!

Mzee wa Mwanga: Kijana nimemsomea yote haya. Kwenye dagaa kajibu hapo hapo, wa Kigoma, hata hakuniacha nimalize. Shamba bado.