Wakili wa mwenye nyumba ananitajia kesi za India. India na duka la halua Malindi wapi na wapi?

BintiHalua, Malindi:

Assalaam aleikum jamani. Nina duka la halua hapa Malindi, mji wa kale. Alilipanga marehemu baba kabla mimi sijazaliwa. Mbele kaunta, nyuma jiko na karai. Mkataba wa maandishi hakuna, wazee walipeana mikono yakaisha. Mwenye nyumba alikuwa akija mwenyewe kila mwanzo wa mwezi, anapewa kahawa na kipande cha halua ya moto, kisha anatoa kitabu chake cha risiti, kile cha kaboni, anaandika huku anahema. Baba alipofariki, mzee yule aliandika jina la baba kwa mazoea, akasita, akalikata kwa mstari mmoja na kuandika langu juu yake. Risiti hiyo ninayo. Toka hapo zote zina jina langu.

Sasa mzee naye ametangulia mbele ya haki, na mwanawe anayekaa Mombasa ataka nyumba. Nimeletewa barua ya wakili, kurasa nne. Yasema upangaji ulikufa na baba, mimi nimekaa tu kwa hisani. Yasema nina siku 30 nihame, na hata hizo ni ihsani, kwani Mahakama ya Juu ya India ilishaamua mwaka 1979 kwamba notisi si lazima: V. Dhanapal Chettiar na Yesodai Ammal, tena majaji saba. Mwisho yasema nikithubutu kwenda mahakamani nitalipishwa kodi kwa bei ya soko, 70,000 kwa mwezi badala ya 18,000 ninayolipa, kwa kesi nyingine ya hukohuko, Atma Ram Properties na Federal Motors.

Na kama hayo hayatoshi, juzi nimekuta yale mabati ya mbele ya kuzuia jua yamepigwa X nyekundu, alama ya kubomolewa. Aliyepiga hakuacha hata karatasi.

Kuna anayejua mambo haya anieleze kwa lugha ya mtu wa kawaida? Usingizi sipati.

Mtoro_wa_Shela:

Pole bi. Kurasa nne kumtoa mtu kwenye chumba na jiko? Mwenye hoja nzito huandika nusu ukurasa.

KaraniMstaafu, Lamu:

Wa aleikum salaam mwanangu. Mimi si wakili, lakini nimelitumikia masjala ya mahakama mpaka nywele zikaisha, na faili za nyumba na viwanja ndizo zilizonilisha. Vuta kiti.

Kwanza usishangae India kutajwa. Mwingereza alipoingia aliziweka sheria za India zitumike hapa, amri yenyewe ni ya 1897. Mambo ya kukodisha na kuuziana nyumba yakawa chini ya Sheria ya Uhamishaji Mali ya India ya 1882, na ikaendelea kutumika Kenya huru mpaka ilipofutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Kwa hiyo majaji wetu wamezoea kusoma hukumu za Delhi na Bombay. Wanazisoma kama rai ya mwenzao mwenye uzoefu. Haziwafungi.

Sasa hiyo ya 1979. Hapa wakili amekuchezea, tena amecheza vibaya. Sheria ile ya 1882, kifungu cha 106, ilimtaka mwenye nyumba atoe notisi kabla ya kukatisha upangaji. Kwa wa mwezi hadi mwezi ni siku 15. Baadaye majimbo ya India yakatunga sheria zao za kodi za kumlinda mpangaji, kila moja na sababu zake za kumtoa mtu. Ikawa mwenye nyumba ana sababu nzuri kabisa chini ya sheria ya jimbo, ameshinda kesi, halafu kwenye rufaa anaangushwa kwa kuwa notisi ya kifungu cha 106 ilikosewa tarehe. Majaji saba wakakaa wakasema basi: ikiwa sheria ya kodi ya jimbo ndiyo inayotawala na yenyewe haitaki notisi ile, mwenye nyumba hadaiwi. Umeona walikoangalia? Waliangalia sheria inayotawala upangaji wenyewe.

Upangaji wako unatawaliwa na Sura ya 301 ya sheria za Kenya, ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Duka lisilo na mkataba wa maandishi linaingia humo moja kwa moja. Na kifungu cha 4 cha sheria hiyo kinataka notisi kwa fomu maalumu, yenye sababu, isiyoanza kufanya kazi mpaka ipite angalau miezi miwili tangu uipokee. Barua ya siku 30 kwenye karatasi yenye nembo ya wakili si notisi hiyo. Kesi aliyoileta, ukiisoma mpaka mwisho, inamgeukia mwenyewe.

Ya pili, Atma Ram, ni kesi nzuri na nakushauri uiogope kidogo, ila kwa mahali pake. Nyumba ilikuwa Connaught Circus, katikati ya Delhi mpya, pahali pa biashara kubwa, na mpangaji analipa rupia 371.90 kwa mwezi. Akashindwa kwa msimamizi wa kodi, akaamriwa atoke. Akakata rufaa, akaomba amri ya kufukuzwa isimamishwe rufaa ikisikilizwa. Baraza la kodi la hukohuko Delhi likamwambia sawa, lakini utaweka rupia 15,000 kila mwezi. Mahakama Kuu ya Delhi ikaliondoa sharti. Desemba 2004 Mahakama ya Juu ikalirudisha, ikasema kukata rufaa peke yake hakusimamishi kitu, na anayeomba kusimamishiwa amri anaweza kutozwa kiasi kinacholingana na hali ya soko, kwa kuwa tangu siku ya hukumu ya kufukuzwa hakai tena kwa kodi ya zamani. Kule watu walikuwa wanashindwa, wanakata rufaa, na rufaa inazeeka huku wao wanauza. Dawa ikatafutwa.

Lakini angalia ngazi, mwanangu. Yule alikuwa ameshashindwa. Wewe hujashtakiwa, hujasikilizwa, hujahukumiwa. Kesi hiyo inakungoja orofa ya juu: ukishindwa kwenye Baraza la kodi za nyumba za biashara, ukaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi ndani ya siku 30, ukaomba ubaki dukani. Hapo jaji anaweza kukuwekea sharti la fedha. Kukutisha nayo leo ni sawa na kukudai mahari kabla ya posa.

Na kama ataka India, nawe unayo. Gian Devi Anand na Jeevan Kumar, 1985, majaji watano. Mume alikuwa amepanga duka Delhi, akafa, mwenye nyumba akadai mjane hana lake. Sheria ya Delhi ilikuwa imewawekea mipaka warithi wa nyumba za kuishi, kuhusu maduka ilinyamaza. Mahakama ikasema palipo kimya hivyo, upangaji wa biashara unarithiwa kama mali nyingine, na familia inayokula kwa duka haikatiwi riziki siku ya mazishi.

Hata hivyo usitangulize India. Tanguliza ile risiti yenye jina lililokatwa. Mtu aliyepokea kodi mkononi mwako na kuandika jina lako miaka yote hiyo, warithi wake watasemaje kwamba hukuwa mpangaji? Wala haikulazimu kurithi. Ulipangishwa.

Sasa kimbia. Barua ni batili kwa macho yangu, lakini watu wengi wamepoteza maduka kwa kulala juu ya barua batili. Jibu kwa maandishi kwamba hukubali, na ufungue shauri barazani kabla siku hizo 30 hazijaisha.

UstaBoriti_Langoni, Lamu:

Mzee Karani nakuheshimu, lakini humu kila siku mwenye nyumba ndiye firauni. Mimi ninazo mbili hapa Lamu, za mawe, za urithi. Boriti moja ya mkoko ikioza, fundi wa kuibadilisha vizuri ni wa kutafutwa, chokaa si bei ya zamani, na huwezi kubandika saruji ovyo kwenye mji wa urithi wa dunia. Mpangaji wangu wa Usita wa Mui analipa kodi ambayo ukiitoa kwa fundi haimalizi ukuta mmoja.

Na India hiyohiyo iliona haya. Bombay waligandisha kodi kwa kiwango cha Septemba 1940, sheria ya 1947. Desemba 1997, katika kesi ya Malpe Vishwanath Acharya, Mahakama ya Juu ikasema kuendelea kugandisha hivyo si haki tena. Nina jamaa zangu Mumbai, huko mpangaji mkongwe analipa kodi ya peremende lakini akihama anauza haki yake kwa pagdi, yaani kilemba kama chetu, fedha za kuachiana chumba, na mwenye nyumba anakodoa macho. Jengo linachakaa kwa kuwa hakuna mwenye faida ya kulitengeneza.

Binti, sikatai barua ni mbaya. Lakini 18,000 kwa duka na jiko Malindi mjini, hebu nawe sema kweli.

KaraniMstaafu, Lamu:

Mama wa Langoni, hapo sikupingi. Ndiyo maana Sura ya 301 ina mlango wa mwenye nyumba pia. Anaweza kutoa notisi ya kubadilisha masharti, yaani kupandisha kodi, kwa fomu ileile na miezi ileile miwili. Mpangaji akikataa, baraza linapima kodi za jirani na kuamua. Huyu kijana wa Mombasa angeanza hapo pengine angepata nyongeza ya haki bila kelele. Amechagua kuruka ukuta na mlango u wazi.

BintiHalua, Malindi:

Ahsanteni sana wazee wangu. Mama, kweli 18,000 ni kidogo, sibishi. Ila paa la jikoni lilipoanza kuvuja nililibadilisha mimi, na mzee aliniambia tuhesabiane kwenye kodi tusipandishe. Hilo halijaandikwa popote, ila fundi yupo hai na karatasi ya duka la mabati ipo.

Na ile X? Na je, mzee Karani, yule mwana anasema hana barua za mirathi bado, kesi ya urithi wa baba yake iko kwa Kadhi. Hilo lina maana yoyote?

Wakili_Mtarajiwa, Malindi:

Dada, ya X nijibu mimi maana ndiyo ninayoisoma mwaka huu. Watu wakisikia India na kubomolewa, hukimbilia Olga Tellis, wakazi wa kando ya barabara wa Bombay dhidi ya manispaa yao. Hukumu ya 10 Julai 1985. Inatajwa sana hata kwetu kwa kuwa ilisema haki ya kuishi inabeba na riziki ya mtu, na kwamba manispaa kwa kawaida imsikilize mtu kabla ya kumwondoa. Wasichokwambia ni kwamba wale watu waliondolewa. Mahakama haikukifuta kifungu cha kuwaondoa, iliwapa muda tu mpaka mvua za msimu ziishe, 31 Oktoba mwaka huo.

Ya karibuni ni ya 13 Novemba 2024, kuhusu nyumba zilizokuwa zinavunjwa kwa tingatinga kwa sababu mwenyewe ameshukiwa uhalifu. Jaji Gavai na Jaji Viswanathan waliweka masharti: notisi ya siku 15, mtu asikilizwe, amri iwe na sababu, uvunjaji upigwe video, na ofisa anayekiuka alipe kutoka mfukoni mwake. Tamu sana. Lakini soma chini: masharti hayo hayalindi kilichojengwa mahali pa umma kama barabara au njia ya miguu. Kwa hiyo hata Delhi, swali la kwanza wangekuuliza ni mabati yako yamesimama wapi. Kama nguzo ziko ndani ya kiwanja, dai notisi ya maandishi yenye kutaja sheria, kwani Katiba yetu kifungu cha 47 inakupa haki ya kupewa sababu. Kama ziko njiani, utapigania kivuli.

KaraniMstaafu, Lamu:

Kijana amesema vizuri, atakuwa wakili.

Ya mirathi ina maana kubwa. Anayekutoa lazima aonyeshe yeye ndiye mwenye mamlaka juu ya nyumba. Kama urithi haujagawanywa, huenda ana ndugu na dada ambao hawajui hata kama barua imeandikwa. Katika jibu lako uliza kwa adabu tu: anaandika kwa niaba ya nani, na karatasi ya mirathi iko wapi. Usiache kulipa kodi hata mwezi mmoja. Akikataa kupokea, weka ushahidi kwamba ulipeleka, na uliombe baraza uiweke huko. Kodi ikilala miezi miwili ndipo anapopata sababu ya kweli ya kukutoa, na hapo hakuna Gian Devi wa kukuokoa.

Risiti zile za kaboni hufifia. Zitoe nakala zote wiki hii, hiyo yenye jina lililokatwa uitoe mara mbili, mbele na nyuma, halisi ibaki nyumbani. Karatasi ya mabati ya paa ibanwe nayo. Na mpigie mpima ardhi aje na kamba aangalie zile nguzo za mbele kabla hujamwandikia mtu yeyote kuhusu X.

BintiHalua, Malindi:

Mpima anakuja Jumatatu baada ya alasiri. Nguzo mbili ziko ndani, ya tatu nahofia iko nje kwa kama shibiri moja. Nikiihamisha leo itakuwa nimekiri kosa?

Wakili_Mtarajiwa, Malindi:

Ihamishe. Piga picha kabla na baada, zenye tarehe. Hakuna atakayekushtaki kwa kuingia ndani ya kiwanja chako.