Freud atolewe kwenye silabasi ya saikolojia? Tujadili

Mleta mada

Wakuu, nimefundisha utangulizi wa saikolojia kwa miaka kadhaa na kila muhula mambo ni yaleyale. Ukiliuliza darasa saikolojia ni nini, unachorewa Sigmund Freud, daktari wa Vienna: mzee mwenye ndevu, sigara na kochi la kulaza wagonjwa. Wundt, aliyefungua maabara ya saikolojia Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, hawamjui. Ebbinghaus, yule mtafiti wa kumbukumbu, ndiyo kabisa. Na silabasi inachochea: wiki tatu nzima ni Freud, Wundt anapata nusu saa. Mimi nasema Freud atoke. Ahamie idara ya fasihi, huko watampokea kwa mikono miwili.

Mtazameni Ebbinghaus kwanza. Hakuwa na maabara wala wasaidizi. Alitunga silabi zisizo na maana zaidi ya 2,000, akazikariri mwenyewe akifuata mdundo wa saa, kisha akapima juhudi inayohitajika kuzikariri upya. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya faida ya kukariri ilikuwa imeyeyuka. Alichapisha mwaka 1885. Mwaka 2015 watafiti wa Amsterdam walirudia kazi ileile na mchoro wa kusahau ukatoka karibu vilevile. Miaka 130!

Sasa mtazameni Freud na yule msichana aliyempa jina la bandia la Dora. Ana miaka 18, kaletwa na baba yake. Freud anamwambia kwamba moyoni anampenda rafiki wa baba, mwanamume aliyekuwa akimsumbua. Dora anakataa. Freud anaandika kwamba "hapana" ya namna hiyo maana yake ni "ndiyo". Hebu niambieni, huyo binti angejibu nini ili daktari aonekane kakosea? Aliondoka siku ya mwisho ya mwaka 1900, baada ya wiki kama 11. Mimi simlaumu.

Popper, mwanafalsafa wa sayansi, aliliona hili mapema. Alitoa mfano wa mtu anayemsukuma mtoto majini ili afe, na mwingine anayejitosa kumwokoa. Nadharia ya Freud inawaeleza wote wawili bila kutoa jasho. Nadharia isiyoweza kukosea haijatuambia kitu.

Mchangiaji 1

Mwalimu, hoja ya Popper ni tamu lakini ina tundu, na tundu lenyewe linaitwa Aaron Beck.

Beck, daktari wa akili wa Marekani, alisomea saikolojia changanuzi hasa, ile njia ya Freud ya mgonjwa kulala kwenye kochi na kusimulia. Mwaka 1917 Freud aliandika kwamba mtu mwenye sonona ana hasira dhidi ya mwingine, hasira hiyo imemgeukia mwenyewe. Beck aliamini, akataka kuithibitisha kisayansi. Akakusanya ndoto za wagonjwa wa sonona akitarajia kukuta uhasama umejaa tele. Hakuukuta. Alikuta mtu anayeshindwa, anayekataliwa, anayepoteza kitu. Ndoto zilifanana na yale wagonjwa waliyokuwa wakijisemea mchana kweupe: sifai, siwezi, hakuna kitakachobadilika. Hapo ndipo ilipochipuka tiba ya utambuzi, inayomsaidia mgonjwa kuyachunguza mawazo yake, miaka ya 1960, ambayo naamini silabasi yako imeipa nafasi ya heshima.

Kwa hiyo usiniambie Freud hapimiki. Kipande kile kilipimwa kikaanguka. Kitu kisichopimika hakifeli mtihani.

Mchangiaji 2

Mkimtoa Freud mtoeni na Watson basi, yule mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1913 alitangaza kwamba habari za fahamu ziachwe, saikolojia ishughulike na tabia inayoonekana. Sawa. Mwaka 1920 yeye na Rosalie Rayner wakachapisha jaribio la mtoto Albert. Mtoto wa miezi 11 anamgusa panya mweupe asiyemwogopa hata kidogo, mtu nyuma yake anagonga chuma kwa nyundo. Kelele, kilio. Wakarudia hadi mtoto akawa anamlilia panya hata chuma kikiwa kimya, halafu hofu ikahamia kwa sungura, mbwa na koti la manyoya. Hawakumwondolea hofu ile. Mtoto mmoja tu, na vitabu vinalinukuu mpaka leo kama ushahidi. Hii ndiyo sayansi mnayotaka Freud apishe?

Mleta mada

Mkuu, Watson simtetei kwa Albert, ule ulikuwa ukatili. Ila tofauti ipo: alisema alichofanya hatua kwa hatua, kwa hiyo wewe na mimi tunaweza kuuona upungufu wake tukiwa tumekaa hapa. Kwa Freud tunapata simulizi la Freud tu.

Kuhusu Beck umenibana, nakiri. Naomba nilifikirie.

Mchangiaji 3

Nimecheka hapo kwenye "sayansi". Mwaka huohuo wa 2015 unaoutaja kwa furaha, watafiti wengi waliungana kurudia tafiti 100 zilizochapishwa kwenye majarida makubwa ya saikolojia. Za mwanzo, asilimia 97 zilidai matokeo yenye uzito. Ziliporudiwa zikabaki asilimia 36. Na hazikuwa za kochi hizo, zilikuwa na takwimu na majedwali kama kawaida. Ebbinghaus wako ni mtoto mmoja mwema katika ukoo wenye matatizo.

Mchangiaji 4

Mimi ni mshauri nasaha, nadharia kubwa nawaachia ninyi. Nina neno moja tu. Watu husema Freud ndiye aliyetuletea tiba ya kuzungumza. Kabla yake kulikuwa na daktari mwenzake Breuer, na kabla ya Breuer kulikuwa na mgonjwa wa Breuer mwenyewe, Bertha Pappenheim, yule anayeitwa Anna O. vitabuni. Ndiye aliyeipa jina la "tiba ya maongezi", na akitania aliiita kusafisha bomba la moshi. Aligundua kwamba akilisimulia jambo mpaka mwisho, anapata nafuu kwa muda. Baadaye, mwaka 1904, alianzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi Ujerumani. Hebu niambie mwalimu, katika zile wiki tatu zako yeye anapata dakika ngapi?

Mleta mada

Hata moja, dada. Anatajwa kama kisa, basi.

Haya, narekebisha msimamo, ila siuachi wote. Ile michoro ya Freud ya tabaka tatu za nafsi (id, ego na superego) ambayo wanafunzi wanaikariri kama viungo vya mwili, inatoka, hapo sirudi nyuma. Wiki tatu zinakuwa moja. Siku ya kwanza nitawapa Pappenheim. Siku ya pili Dora na ile "hapana" yake, niwaulize wao angejibu nini. Siku ya tatu ndoto za Beck, lakini kabla sijawaambia alichokuta nitawataka waandike wanachotarajia.

Mchangiaji 3, zile tafiti 100 nazo nitazitia wiki inayofuata. Ebbinghaus abaki na nafasi yake, huyo msiniguse.

Mchangiaji 2

Na Albert?

Mleta mada

Albert naye yumo. Nyundo na yote.